Kasete ya Mama Rosalie

Jioni ile Mama Emerance alinituma nikachukue kasete za chama kabla giza halijaingia. Yeye ndiye mkuu wa chama chetu cha akina mama, na akikutuma hujadiliani naye, hata kama una kibanda cha kuchaji simu na wateja wamejipanga.

"Ziwa imeingia mu nyumba ya chama," alisema. "Nadine, tukichelewa, wamama wote wataoza pale."

Hakuwa akitania. Chama chetu kina desturi yake. Mwanamke akijiunga, anaketi mbele ya redio ya kasete na kurekodi jina lake, la mama yake, alikotoka, na salamu. Akifa, siku ya kilio chake, kasete inapigwa kando ya mwili, nasi tunajibu kwa pamoja, "Tumekusikia, Mama." Hapo anaondoka zake kwa amani. Nilikuwa nimekubali kuzihamishia zote kwenye simu, bure, kwa sababu moja tu: mojawapo ilikuwa ya mama yangu.

Mama yangu, Mama Rosalie, aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Mtumbwi uliokuwa ukimpeleka Moba ulizama, na mwili wake haukuonekana. Bila mwili hakuna kilio, kwa hiyo kasete yake haikuwahi kupigwa. Sasa miaka imepita, na nimeanza kuisahau sauti yake. Uso naukumbuka. Mikono naikumbuka. Sauti inanitoroka, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima. Kwetu giza huanzia upande wa ziwa. Niliingia mlangoni mwa nyumba ya chama, maji yakanifika magotini. Yalikuwa baridi.

Kwanza ilikuja harufu. Ndagala... ndagala zilizoanikwa juani, na mahali pale hapajawahi kuuzwa samaki.

Kisha mlio.

Tik... tik... tik...

Mtu alikuwa ameketi kwenye benchi la mwisho, amenipa mgongo. Alifuta kasete kwa upindo wa kitenge, akaiweka juu ya nyingine, akachukua inayofuata. Kitenge kilikuwa cha chama, kile cha kwanza kabisa chenye maua ya kijani, ambacho hakichapishwi tena.

"Ni nani?" nilinong'ona.

Aligeuka.

Alikuwa mama yangu.

Sikupiga kelele. Ningepiga vipi, na nilikuwa nimemsumbua Mungu miaka yote anirudishie huyu huyu? Nilimnyooshea mkono. Maji yalimtiririka kutoka kwenye nywele bila kuisha. Akafungua mdomo.

"Mi niko Syntiche," alisema, kwa sauti nyororo ya msichana. "Mutoto ya Yvette, wa kule Mpala. Ninawasalimia wote."

Syntiche yupo, mzima wa afya. Alijiunga na chama mwaka jana, na asubuhi ile ile alikuwa amechaji simu kwangu.

Mama alishika koo lake. Alijaribu tena, polepole, akiniangalia machoni.

"Mi niko Syntiche..."

Akaanza kulia. Alilia bila sauti yoyote. Alinisukumia kasete moja kifuani, mara mbili, kama alivyokuwa akinisukumia sahani nilipokataa kula. Niliipokea. Nilipoinua macho, benchi lilikuwa tupu.

Sijui nilibebaje sanduku zima la kasete. Nilifika kwa Mama Emerance nimelowa. Ile kasete niliyopewa ilibandikwa karatasi yenye jina la Syntiche. Niliikwangua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, ya zamani.

Rosalie.

Mama Emerance alikaa chini, sakafuni.

"Kasete mupya hazikukuwa zinapatikana tena," alisema. "Mugeni akiingia, tulikuwa tunamupa kasete ya mwenye tumeshamulilia, arekodi juu yake. Na Rosalie nilimulilia, mwanangu. Peke yangu, humu ndani, mpaka macho ikavimba. Nikaona kilio yake imekwisha."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Yeye na mama walikuwa marafiki tangu usichana. Niliweka kasete kwenye redio. Syntiche alitaja jina lake, akawasalimia wote, akanyamaza. Ukafuata mkwaruzo mrefu... mrefu... Nilikuwa nimeshanyoosha kidole niizime.

Ndipo ikatoka sauti nyingine, nzito kidogo, yenye kicheko ndani yake.

"...basi, nimemaliza. Nadine, zima."

Nilikumbuka. Siku ile aliyorekodi, mimi mtoto ndiye niliyekaa karibu na redio, nikibonyeza. Ni hayo tu aliyobaki nayo mama yangu duniani, na alikuwa akiniambia mimi.

"Umujibu," Mama Emerance alinong'ona, machozi yakimtoka. "Umuambie tumemusikia. Umuache aende."

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Maneno yale nimeyahamishia kwenye simu yangu. Kila jioni, ziwa linapoanza kuwa jeusi, harufu ya ndagala inafika mlangoni, na sakafu inalowa pale anaposimama. Anangoja jibu langu ili apumzike, na najua amechoka. Nami nabonyeza simu tena. Humo ananiita jina langu, ananiambia nizime.

Siwezi.