Kipimo Chumbani kwa Mwali

Nyumba yetu ya Mkange ilinukia liwa tangu ukumbini. Mjukuu wangu Chausiku alikuwa mwali, amewekwa ndani, na nikahi ni Ijumaa. Kutoka nje mwiko. Mimi nasaga liwa, naimba, kumbe mwali mwenyewe hana raha.

"Bibi, siolewi mpaka tupime virusi vya UKIMWI. Mimi na mchumba wangu Mikdad, sote wawili."

"Wewe umewekwa ndani. Yeye si aende zahanati?"

"Hataki! Shangazi yake anauza maandazi pale mlangoni. Akimwona tu, Mkange nzima itajua kabla chai haijapoa."

Siku tatu zimebaki! Mbio nikamwita Hajra, mhudumu wa afya wa kijiji. Akaja na vikasha viwili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Vya nini hivyo?"

"Vya kujipima nyumbani. Hiki cha mwali, hiki nampelekea bwana harusi. Hakuna sindano. Unapitisha kijiti kwenye fizi, juu mara moja, chini mara moja. Unakitia kwenye kichupa hiki chenye maji yake, unasubiri dakika ishirini."

Chausiku akanyoosha mkono. Hajra akamkazia macho.

"Unatafuna nini?"

"Karafuu. Bibi kanipa, kinywa kinukie."

"Tema! Kinywa kikae nusu saa bila kitu, hata maji."

Mie huyo, kicheko na aibu. Mwali nimemtia manukato mpaka menoni!

"Mstari mmoja kwenye herufi C, virusi havikuonekana," Hajra akaeleza. "Miwili, unakwenda kituoni kupimwa tena kuhakikisha. Ikithibitika, dawa zipo, na ndoa zipo."

"Na aliyejiweka hatarini juzijuzi?" nikauliza.

"Arudie baada ya miezi mitatu."

Nusu saa ikaisha, Chausiku akajipima. Kungoja kukanishinda.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Hakina mdomo, siri yako hukuambia wewe tu."

"Kipimo!" wakapaza sauti wote wawili. "Rahisi hicho, Bibi!"

Mstari mmoja! Chausiku akanirukia, liwa yote ikahamia kwangu. Hajra akampelekea Mikdad kikasha chake, akarudi kwetu.

Alasiri tukasikia mtu dirishani, anahema.

"Chausiku! Mstari mmoja!"

"Taratibu, Mikdad! Shangazi yako atasikia!"

"Yuko hapa nyuma yangu."

Sauti ya shangazi ikapenya, chini kwa chini: "Hajra mwanangu, umebakiza kimoja? Nijipimie chumbani kwangu. Pale zahanati wote wananijua!"