Mti wa Kaburi la Masatu

Gogogo ni samaki wa chini. Hupenda giza la mawe na mizizi, na ukimshika hulia kwa sauti ya kukwaruza. Pelagia, msusi wa Mwisenge, alikuwa nao wanne kwenye tangi la kioo saluni kwake, na wateja walipenda kuwaangalia wakisubiri zamu. Ila ndani ya tangi hamkuwa na jiwe wala mzizi. Samaki walijigonga kwenye kioo mchana kutwa.

"Hao wanatakaga pa kujificha," Fred, fundi wa matangi kule Bunda, alimwambia kwa simu. "Tafuta mti uliokaa sana ziwani. Uchemshe, uuloweke mpaka uache kutoa rangi."

Wiki hiyo hiyo Pelagia alikwenda kijijini kwa wakwe zake, kwenye misa ya kumwombea Masatu, mdogo wa mumewe. Masatu alizama ziwani mwaka uliopita na mwili haukuonekana. Siku ya saba maji yalileta ufukweni kipande cha mti, urefu wa mkono. Mama yake, Yuliana, alikiokota akakilaza juu ya kaburi lisilo na mtu. Hakuwa na kingine cha kulilia.

Pelagia aliyajua yote hayo. Lakini mti ulikuwa umejipinda vizuri, una tundu katikati, kama umechongewa samaki. Watu walipokuwa wanakula, akaufunga kwenye kitenge, akautia mkobani.

Kabla Pelagia hajaondoka, Yuliana akaukosa mti. Macho yote yakamwendea Matrida, jirani mjane aliyekuwa akipika. Nani mwingine alikuwa anahangaika na kuni?

"Sijauchoma, mama," Matrida alisema. "Mungu anaona."

Hakuna aliyemwamini. Alitoka uani peke yake, masizi mikononi, watu wakimsindikiza kwa minong'ono. Pelagia aliinama akajifanya anafunga kiatu.

Nyumbani aliuchemsha kutwa nzima. Maji yalitoka mekundu kama chai ya rangi. Akamwaga, akachemsha tena. Harufu ilikuwa ya nguo mbichi zilizovaliwa na mtu. Fred alikuwa amesema utaelea, aufunge na jiwe. Jiwe halikuhitajika. Mti ulizama wenyewe.

Gogogo waliingia tunduni wote wanne. Hawakutoka tena, hata kwa chakula.

Siku ya tatu maji yakawa mekundu. Akayabadilisha. Kesho yake yakawa mekundu zaidi. Adhuhuri umeme ukakatika, draya zikanyamaza, na mteja mmoja, Lilian, akageuza shingo.

"Dada Pelagia," alinong'ona. "Nani anakohoa?"

Sauti ilitoka tangini. Haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya mtu aliyepaliwa na maji.

Pelagia akaingiza mkono autoe mti. Vidole vikagusa tundu.

Vikashikwa.

Havikuumwa. Vilishikwa polepole, kama mtu anavyoshika mkono wa anayemwokoa. Akavuta. Na kule kukavuta. Maji yakafika kiwikoni. Yakafika kwapani.

"Niliuiba," akasema. Wateja watatu walikuwa wanamtazama. "Matrida hakuuchoma. Niliuiba mimi, kaburini kwa shemeji yangu."

Mkono ukaachiwa.

Asubuhi yake aliurudisha. Yuliana hakuupokea mpaka Matrida alipoitwa. Kisha akaunusa.

"Umechemshwa."

"Ndiyo, mama."

"Umemchemsha mwanangu."

Pelagia akapiga magoti. Matrida alisimama mlangoni, hakusogea.

"Siku ile watu walikuwa wengi," alisema taratibu. "Leo tuko watatu."

Jumapili Pelagia alisimama kanisani pale kijijini, uso ukimwaka, akasema yote mbele ya watu wale wale. Mama mmoja alisonya. Wengine walitazama chini, maana nao walimhukumu mjane wa watu bila ushahidi. Matrida hakumwangalia Pelagia hata mara moja, lakini msiba uliofuata aliitwa tena jikoni. Mti ukalala mahali pake.

Ungedhani yaliisha. Lakini vidole vinne vya mkono wa kulia wa Pelagia vimebaki vyeupe na vimesinyaa, kama vya mtu aliyefua kutwa. Daktari amevitazama, hana jina la ugonjwa huo. Siku hizi anasuka kwa glavu. Wateja hawaulizi.

Akifunga saluni huivua ile ya kulia juu ya karai. Hutoka maji. Na chini ya maji, mchanga wa ziwani.