Aliniomba Nizime, Nikakiacha Kinarekodi

Nina miaka thelathini na nane, mama wa watoto wawili, naishi Iringo hapa Musoma. Siku hizi nashona sare za shule. Lakini kwa miaka tisa nilikuwaga mwandishi wa redio moja ya hapa mjini.

Ndugu zangu wasomaji, sikuacha redio kwa kupenda cherehani. Niliacha kwa sababu nilimwangamiza mwanamke mwenzangu... nikiwa na akili zangu timamu!

Nitamwita Neema. Si jina lake. Kijiji alikoolewa sikitaji, itoshe kusema ni upande wa Bunda. Kwao ni Butiama, jirani na kwetu. Mama yake na mama yangu wanasali kanisa moja. Ndiyo maana yalipompata yaliyompata, hakutafuta mwandishi mwingine. Alikuja kwangu, akaniita dada.

Mnunuzi mmoja wa mazao, mtu wa kuheshimika, alimfungia ndani ya ghala siku Neema alipopeleka pamba yake. Akambaka.

Neema alikuwa jasiri jamani! Siku ileile alikwenda polisi, akapewa fomu, akapimwa hospitali. Kesi ikafunguliwa. Halafu ikaanza kuahirishwa... leo, kesho, mwezi ujao. Watu wa yule mwanaume wakawa wanapita kwao, eti wayamalize kifamilia. Neema akaona redio ikisema, kesi haitazikwa.

Mumewe alikuwa anafanya kazi mgodini, mbali. Alijua mke wake ameshambuliwa na kwamba kuna kesi. Yote hakuyajua. Neema alikuwa anamsubiri arudi, amwambie uso kwa uso.

Wakati huo nilikuwa nimepanga nyumba Mukendo, hapahapa Musoma. Tulikaa sebuleni kwangu, nikachomoa friji lisije likanguruma kwenye mahojiano. Neema alikuwa na wasiwasi.

"Dada, jina langu hutalitaja?"

"Silitaji."

"Na sauti je? Mimi ndiye nasomaga matangazo kanisani kila Jumapili. Watu wananijua hata nikikohoa."

"Tutaibadilisha kwenye kompyuta," nikamwambia. "Hata mama yako mzazi hatakutambua."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini?

Katikati ya maelezo yake akashindwa kuendelea. Akajifunika uso kwa kitenge, akasema, "Dada, zima kwanza. Hiki nakwambia wewe, si redio."

Nikanyoosha mkono. Nikakigusa kinasa sauti kama mtu anayezima... lakini sikukizima!

Alichokisema hapo sitakirudia, si hapa wala popote. Jueni tu kwamba ndilo jambo lile alilokuwa amemwekea mumewe. Alipomaliza kulisema, akalia. Nilimshika bega huku jicho langu liko kwenye taa ndogo nyekundu ya kile chombo, naangalia kama bado inawaka.

Mtaniuliza, ulikuwa na roho ya aina gani? Nami nilijiuliza baadaye. Kilio cha kweli, mwandishi yeyote wa redio anakijua. Msikilizaji akikisikia habadilishi stesheni. Nilijidanganya kwamba nakihifadhi tu, nitaamua mbele ya safari.

Kesho yake mhariri wangu aliyasikiliza mahojiano, macho yakamtoka. Nilipomwambia sauti lazima ibadilishwe, akacheka.

"Ukiibadilisha inakuwa kama ya chura. Nani atamhurumia chura? Jina hujalitaja, inatosha."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema nilimwahidi mtu. Nikanyamaza! Na sitamtupia yeye mzigo wote, maana ile sehemu ya kilio hakujua kama niliambiwa nizime. Mimi ndiye niliyeikata, mimi ndiye niliyeiweka mwanzo kabisa wa kipindi.

Kipindi kilirushwa asubuhi. Simu zikamiminika studio. Wenzangu wakanipa mkono, hongera, hongera, umewaliza watu! Kufika saa nne ile sauti ilikuwa imeshakatwa na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, toka Bunda mjini mpaka Mugeta.

Ndipo Neema akapiga.

"Dada... si nilikwambia uzime?"

Nikaanza kujieleza. Kwamba jina halikutajwa. Kwamba wananchi wamemhurumia sana. Nikaongea, nikaongea... kumbe alishakata simu zamani.

Mume wake alisikilizishwa ile sauti na mfanyakazi mwenzake, kule kule mgodini. Yule mwenzake hakujua ni nani anayelia. Lakini mume asiijue sauti ya mkewe? Alisikia kwenye simu ya mwanaume mwingine jambo ambalo mkewe alikuwa anatafuta namna ya kumwambia. Hata hakumpigia Neema. Alimpigia mama yake, na huyo mama mkwe ndiye aliyemfungashia Neema nguo zake, akamrudisha Butiama.

Kabla hajaondoka, Neema alijaribu kwenda kanisani. Alipofungua daftari la matangazo, minong'ono ikaanza toka viti vya nyuma. Akalifunga, akarudi kukaa. Na pale senta, vijana walikuwa wanamwiga akipita. Wanaiga kilio chake, jamani! Kilio nilichokiiba mimi!

Watu wa mtuhumiwa wakapata la kutamba. Wakasema wanawake wanatafuta umaarufu redioni. Wakasema wakili wao ataicheza ile sauti mahakamani, mbele ya kila mtu, eti haifanani na maelezo aliyotoa polisi. Neema aliitwa kutoa ushahidi mara ya kwanza, hakutokea. Mara ya pili, hakutokea. Angesimamaje? Kesi ikaondolewa. Msimu wa pamba uliofuata yule mwanaume alikuwa ghalani kwake, na akina mama wamepanga foleni mlangoni kama kawaida.

Mimi nikaendelea kusoma habari. Ndiyo, niliendelea! Mpaka siku mama yangu aliponipigia. Nikamwamkia, hakuitika.

"Leo mama yake Neema amenipita kanisani hajanipa mkono. Ulimfanya nini mtoto wa watu?"

Nikasema, "Mama, ilikuwa kazi tu."

"Kazi gani hiyo ya kumvua mtu nguo hadharani?"

Wiki hiyohiyo nilikwenda Butiama. Nilimkuta Neema nyuma ya nyumba yao, anaanika mihogo juu ya jiwe. Yeye aliyekuwa ananiamkia shikamoo hata tukikutana mara tatu kwa siku, hakuniamkia. Nikapiga magoti palepale, nikamwambia nisamehe mdogo wangu.

Aligeuza kipande cha muhogo, akageuza kingine. Kisha akasema taratibu tu, bila hasira, "Yule alinitenda siku moja, dada. Wewe unanirudisha mle ghalani kila mtu akifungua simu yake."

Akaendelea kuanika.

Nilirudi nikamwomba mhariri aifute ile sauti kwenye ukurasa wa redio. Akakataa. Nilipompelekea barua ya kuacha kazi ndipo akaifuta. Ingesaidia nini? Ilikuwa imeshalala kwenye simu za watu elfu!

Mume wa Neema hajamrudia mpaka leo. Neema anaishi na mama yake, analima. Sijasamehewa, na sidai. Lakini kabla ya kutoa mkasa huu niliomba ruhusa yake kupitia mama zetu, nikamsomea kwenye simu neno kwa neno. Akaniambia nitoe sehemu mbili. Nimezitoa. Sikumuuliza kwa nini.

Ninyi mnaoshika kalamu na maikrofoni, nawasihi... aliyeumizwa akikufungulia moyo, yale ni mali yake, si yako. Jina si jina tu. Sauti ni jina, kazi yake ni jina, njia ya kwao ni jina. Na ukiahidi, timiza, hata kama habari itapoa. Habari iliyopoa haijaua mtu.

Na wewe msikilizaji, yawezekana ile sauti bado unayo kwenye simu yako. Nakuomba kwa jina la Mungu, ifute. Usiisikilize kwanza.