Ufunguo wa Sanduku la Posta

—Sema mbele ya wazee, Khavere! Huo ugonjwa umeutoa wapi?

Mulama, mume wangu kwa miaka thelathini, alisimama katikati ya sebule yetu ya Kaloleni. Wazee aliwaita mwenyewe, wanirudishe kwetu Vihiga.

—Akikojoa analia. Nikimkaribia analia. Hedhi ilikoma miaka minne iliyopita, moto huo umetoka wapi kama si kwa wanaume wa Gikomba?

Sokoni Gikomba nauza nguo, na nguo hizo ndizo zilimlisha alipofutwa kazi.

—Shemeji Kweyu, nikamwambia kaka yake, kabla sijafukuzwa, nisomee barua hizi mbili.

Februari nilimwandikia daktari wa gazetini, yule anayejibu kwa posta. Zahanatini ningemwambiaje kijana wa rika la mwanangu kwamba huko chini kumekauka na mkojo unachoma? Jibu halikuja. Ufunguo wa sanduku la posta ni wa Mulama. Juni nikalipigia gazeti simu ya kibandani, Muthurwa.

—Mama, tulikujibu Machi, karani akaniambia. Kisha tukaandikiwa tusikuandikie tena.

—Na nani?

—Nitakutumia nakala. Una sanduku lingine?

Nikampa la Ayuma, jirani yangu sokoni, na nakala zikafika huko.

Kweyu akavaa miwani.

—“Mama, dalili hizi huwapata wengi hedhi ikikoma. Homoni hupungua, uke hukauka, mkojo huchoma. Usimlaumu mtu. Nenda upimwe mkojo, kisha daktari akuandikie krimu ya ukeni. Inatibika.”

Akafunua ya pili.

—“Daktari, mke wangu amepona. Usiandike tena.” Mulama! Huu si mwandiko wako?

—Ndugu yangu... niliona aibu.

—Aibu? nikafoka. Miezi minne nimeungua, na dawa yangu umeikalia! Waambie basi habari za Triza wa Kiamaiko, uliyemwahidi nyumba hii. Soko zima linajua!

Nikamsogelea.

—Mwaka wa themanini na moja ulirudi kutoka Mombasa na kisonono, ukaniambukiza. Tulimeza vidonge pamoja. Nilimwita mzee gani, Mulama? Nilimwita nani?

Mzee mmoja akakohoa. Mulama akapiga magoti.

—Mama Lydiah, nisamehe. Nitakupeleka hospitali mimi mwenyewe.

—Njia naijua. Lete ufunguo.

Akautoa mfukoni, akanipa.

—Mzigo uko nyuma ya mlango, nikamwambia. Nilikuwa nimeufunga tangu asubuhi.

Akageuka kuutazama. Juu kabisa lilikuwa koti lake la kanisani.