Kisima cha Kwenye Ramani

Ekseli ya Landrova ilikatika korongoni, kaskazini ya Makongolosi, gari likapinduka na dumu la maji likapasuka. Mrisho, dereva, alitoka na paja lililochanika hadi mfupa kuonekana. Faustin, mpima ardhi kutoka Mbeya, alilifunga kwa shati lake, kisha akakunjua ramani.

Ilikuwa ya Waingereza, ya enzi za uchimbaji wa dhahabu. Wawili hao walikuwa wametumwa kuhakiki migodi iliyokufa. Ramani ilionyesha mashimo, vilima, njia za toroli, na kijiji chenye kisima, karibu kuliko barabara.

“Turudi kwa alama za matairi, bwana Faustin,” Mrisho alisema.

“Utakauka njiani. Kisima hiki hapa.”

“Hapo kwenye karatasi.”

“Usipoteze mate.”

Na huo ulikuwa mwaka sabini na tano. Kila siku redio ilitangaza watu wanavyohamishiwa vijiji vipya barabarani, na Faustin aliisikia kama sisi sote. Lakini mtu akishashika ramani haambiliki.

Alimbeba Mrisho mgongoni katikati ya miombo mikavu, mbung'o wakiwang'ata, damu ikimchuruzikia kiunoni. Kijiji walikikuta. Kuta zilikuwa zimeungua, na kisima kimejazwa mawe hadi mdomoni. Faustin alipiga magoti akachimbua mpaka kucha zikang'oka. Chini ya mawe kulikuwa na mawe mengine.

“Acha, ndugu yangu,” Mrisho alisema. Midomo ilikuwa imempasuka. “Kuna njia ile. Watu bado wanapita.”

Ilikuwa njia ya wanaorudi kwa kificho kuchimba mihogo yao. Waliifuata. Mrisho alimwita mkewe, Waridi, amletee maji. Baadaye hakuita tena, na Faustin aliogopa kumtazama.

Njia iliwafikisha kijiji kipya, barabarani. Mama mmoja, Helena, alikuja mbio na kikombe, akamimina maji mdomoni mwa Mrisho. Yakamwagikia shingoni. Helena akamfumba macho.

“Mmetoka wapi, baba?”

Faustin akamtajia kijiji.

“Kwetu huko,” Helena alisema taratibu. “Kisima tulikijaza wenyewe, kwa mikono hii. Waliotuhamisha walisimama juu yetu. Walisema tukikiacha wazi tutarudi.”

Faustin alimpokonya kikombe. Akanywa maji yaliyobaki, maji ya Mrisho, huku akimchukia kila mtu, na zaidi akijichukia mwenyewe kwa jinsi yalivyokuwa matamu.