Panya Aliyelala Kwenye Koti la Baba

Kila asubuhi Tilda Tollefson alimpikia baba yake uji wa shayiri kabla hajaenda kazini. Asubuhi ile macho yake yalikuwa kwenye koti la baba, hata uji ukamwagika mezani.

Baba yake, Orrin, alitunza panya katika maabara moja pale Wisconsin. Panya hao walibadilishwa chembe za urithi, wakawekewa chembe ya urithi ya binadamu, ili sumu ya bakteria wa nyama isiyoiva iwadhuru figo kama inavyowadhuru watoto. Emmett, mtoto wa jirani, aliwahi kula baga mbichi, akaishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa bado inatafutwa kwa kutumia panya hao. Ndiyo maana mfanyakazi alikatazwa kufuga panya nyumbani: vijidudu vya nje vikiingia mle, panya wote huuawa na kazi huanza upya.

Tilda aliijua sheria hiyo. Lakini jana rafiki yake Corliss alimpa panya mweupe, na Tilda aliposita, Corliss akamcheka, "Baba yako anawalisha, wewe unawaogopa?" Basi akamficha kabatini. Alfajiri alimkuta ametoroka, amelala mfukoni mwa koti la baba. Akamtoa kimyakimya. Sasa baba alikuwa amelivaa koti lile, na huenda lilikuwa na vijidudu.

Akisema, baba atafukuzwa. Wakubwa, ambao hawajawahi kuosha hata kizimba kimoja, hawamwonei huruma mtu wa chini.

Lakini asiposema, panya wote wa maabara huenda wakauawa. Gari likawaka. Tilda akatoka mbio, miguu mitupu kwenye theluji, akasimama mbele yake.

"We mama, umeingiwa na nini?" baba akauliza. "Nimechelewa."

"Baba, usiende. Nimefuga panya. Usiku alilala kwenye koti lako."

Baba akazima gari. Akalivua koti. Kisha akampigia simu mama Pruitt, daktari wa wanyama wa maabara, akamweleza yote. Daktari akaagiza panya apimwe, na Orrin asikanyage kazini mpaka majibu yatoke. Msimamizi wake wa kazi naye akapiga simu, akafoka kwamba atamwachisha kazi.

Siku kadhaa zikapita. Majibu yakaja: panya mweupe alikuwa na vijidudu vya mapafu. Wale wa maabara walikuwa salama, kwa kuwa Orrin hakuingia. Msimamizi alishikilia neno lake, mpaka mama Pruitt akamuuliza, "Ukimfukuza aliyesema, kesho nani atakuambia?" Msimamizi akamrudisha Orrin kazini.

Jioni baba alimketisha Tilda.

"Umeniponza, na nimekasirika," alisema. "Wakubwa wakikosea hutafuta wa kumbebesha lawama. Wewe usiwe hivyo. Kuogopa sikukatazi, mwanangu. Ila ukikosea, sema kabla madhara hayajamfikia mwingine."

Tilda akaitikia kwa kichwa, akalia.

"Haya, kanawe mikono," baba akasema. "Tule."