Hewa ya Watu Watano

Weka kwanza hicho kikombe chini, jirani, uniangalie usoni. Apa. Sio kuapa kwa kuchekacheka hivyo, apa kama mtu mzima. Sema: "Mtu yeyote akiniuliza kwa kaka yako wanalala wangapi, sitataja namba." Sema tena. Haya, Mungu amekusikia na mimi nimekusikia.

Usinishangae. Najua mdomo wangu unavyosifika mtaa mzima, hahaaa! Mtu akitaka jambo lake lifike sokoni kabla ya nyanya, ananiambia mimi kwamba ni siri. Lakini hili nimekaa nalo wiki tatu. Mimi! Wiki tatu! Hata nguo zinanibana.

Nyumba ya kaka yangu unaijua, ile ya pembeni pale malori ya kokoto yanapopita. Vumbi la pale halina adabu, linaingia mpaka kwenye sahani iliyofunikwa. Ndiyo maana kaka alizibaziba madirisha yote kwa gundi ya vioo, chumba kwa chumba. Vumbi likakoma kweli. Lakini nyumba nayo ikawa kama sufuria lenye kifuniko. Asubuhi vioo vinatoka jasho. Nyuma ya kabati ukungu mweusi umepanda ukutani, wifi yangu anaufuta leo, keshokutwa umerudi, tena na ndugu zake.

Na wana watoto wawili. Mkubwa ni binti, miaka tisa, tunamwita Karani kwa sababu anahesabu kila kitu. Vijiko anahesabu, ngazi anahesabu, mpaka mvi zangu alishazihesabu, mshenzi yule, hahaa! Mdogo ni wa kiume, miaka mitano, tunamwita Filimbi. Kifua chake kilikuwa kinalia, fiii, fiii. Ukiwa sebuleni unajua mtoto yuko chumba gani.

Halafu alikuwepo mama yetu, aliyenizaa mimi na kaka. Aliishi kwenye kile chumba kidogo cha mwisho, kinachonuka dawa yake ya kuchua. Mama alikufa kwa kukosa pumzi. Mchana kweupe. Aliomba, "Jamani, nifungulieni dirisha," wifi akamjibu, "Subiri kidogo mama, malori yapite." Malori yakapita. Mama hakusubiri.

Baada ya miezi miwili, Filimbi akazidiwa. Daktari akawaambia bila kuzunguka, "Dawa ninazompa zinapigana na nyumba mnayomlaza. Nyumba isipopumua, huyu hatamaliza mwaka."

Ndipo wakamwita fundi wa hewa. Mwanamke, mrefu, suruali ina mifuko mpaka magotini na kila mfuko una bisibisi. Mimi nilikuwepo siku hiyo, si unanijua, fundi akiingia kwa ndugu yangu mimi nimeshafika na kiti. Nikamwambia, "Mwanangu, hewa si ya bure? Inafungwaje kama bomba la maji?" Akacheka, akatuelekeza kwa kidole kwenye dari.

Akasema mashine ziko za aina tatu. Kuna ya kuvuta tu, inatoa hewa chafu jikoni na bafuni. Lakini kwa nyumba ya vumbi kama hii, kinachotolewa huku kitaingia kule kwenye nyufa, na vumbi lake. Kuna ya kusukuma tu, nayo itausukuma unyevu ndani ya kuta, ukungu utashangilia. Na kuna ya kufanya yote mawili. Inavuta chafu, inaingiza safi iliyopita kwenye chujio, inaipeleka kila chumba cha kulala. Kaka akasema, "Hiyo ya mwisho. Mtoto wangu apumue."

Fundi akatoa fomu na kalamu. "Ukubwa wa mashine unategemea watu. Kila kichwa kina hewa yake. Humu mnalala wangapi?"

Kaka akajibu hapo hapo. "Watano."

Mimi nikajua. Wifi akajua. Karani akafungua mdomo, "Baba, si wan..." mama yake akamfinya. Utamwambiaje mtu hesabu yake imekosea, wakati aliyezidi ni marehemu mama yake? Miaka mingapi kaka alikuwa ananunua vya watu watano, anapakua vya watu watano! Tukanyamaza kwa huruma. Fundi akaandika tano.

Nakwambia jirani, hapo ndipo tulipomfungulia mlango.

Siku nne kazi ikaisha. Sanduku kubwa kama begi la safari liko juu ya dari, mabomba manene kama paja langu yanakwenda huku na huku, vitufe vya mashine viko ukutani koridoni, na kila chumba kina tundu la duara chini ukutani. Kila tundu fundi alilining'inizia kikaratasi chepesi kwa utepe wa bluu. "Kikipepea, hewa inaingia," akasema. "Kikilala, niiteni."

Na nyumba ikapona, usibishe! Vioo vikakauka. Ukungu ukafa. Filimbi akaacha kulia kifua, akawa anakimbia koridoni mpaka namgombeza. Wifi aliimba. Wifi yangu, mwenye sauti kama bawaba, akaimba!

Mimi ndiye niliyeona kwanza. Nilikwenda kuchukua shuka chumba cha mama. Vikaratasi vyote vya nyumba ile vilikuwa vinapepea mbele tu, moja kwa moja, kama mkia wa kishada. Cha chumba cha mama kilikuwa kinakwenda mbele. Kinatulia. Kinarudi kwenye tundu. Kinatulia. Kinakwenda mbele.

Filimbi akanishika mkono, akaninong'oneza, "Shangazi, usimwamshe. Bibi siku hizi anapumua vizuri."

Na dawa ya kuchua ilinuka mbichi.

Nilimwambia wifi? Nilimwambia. Akasema mimi napenda maneno. Basi nikanyamaza, nikaacha na shuka.

Mwezi ulipopita fundi akarudi kuikagua mashine. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, wote wako nyumbani, mimi tu ndiyo sikuwepo. Mashine ile inapima pumzi zinazotoka vyumbani na kuziweka kumbukumbu. Fundi akasoma, akatabasamu. "Vizuri sana. Watu watano, pumzi za watu watano. Hakuna kilichopotea."

Bilauri ikamponyoka wifi.

"Sisi tuko wanne," akasema.

"Fomu inasema tano. Na mashine inasema tano."

"Wanne, dada. Wa tano tumemzika."

Fundi akamwangalia kaka. Kaka akainama kuokota vipande vya bilauri.

"Punguza," wifi akasema. "Weka wanne. Na kile chumba cha mwisho, ziba."

Kaka akanyanyuka. "Mama alikufa akiomba hewa. Leo unamnyima mara ya pili?"

"Mama yako yuko kaburini, baba Karani! Mimi nina watoto wa kulea!"

Watu wakipigana hivyo fundi hana pa kusimama. Akafanya la mwenye akili timamu. Akabonyeza nne. Akaingia chumba cha mama, akaziba tundu kwa utepe wa bluu, mara tatu, mara nne, mpaka hakuna hata upenyo wa sindano. Akatoka. Milango ya vyumba viwili ilikuwa wazi, cha mama na cha watoto. Akageuka kuangalia kazi yake.

Chumba cha mama, tundu limezibwa. Kikaratasi kinapumua.

Chumba cha watoto, tundu liko wazi, mashine inanguruma. Kikaratasi kimelala.

Akaingia, akakipuliza kwa mdomo. Hakikutikisika.

Sebuleni Filimbi alikuwa kalala kifudifudi anachora gari. Kalamu ikasimama. Hakukohoa. Hakulia fiii. Karani anasema aliinua kichwa, akaangalia koridoni, kama mtu aliyeitwa. Kifua chake kikashuka.

Hakikupanda.

Fundi alikuja mbio. Alimpulizia mdomoni, alimkandamiza kifua, kaka alivunja kioo cha dirisha kwa ngumi. Malori yalikuwa yanapita. Vumbi likaingia lote. Hospitali daktari aliwaambia hajapata kuona mapafu masafi namna ile kwa mtoto mwenye pumu. Akasema, "Ni kama amesahau." Basi. Ni kama amesahau.

Mimi nilimwosha uso. Hata vumbi hakuwa nalo.

Sasa ngoja ninywe maji.

Haya. Wiki ya pili baada ya maziko, kaka akampigia fundi simu. Fundi alidhani anaitwa kung'oa mashine, akaja na zana zote. Akamkuta kaka kasimama chini ya dari, kidonda cha ngumi hakijapona.

"Rudisha tano."

"Kaka, samahani. Mko watatu."

"Weka tano."

Fundi akamwangalia wifi, akidhani mama mwenye uchungu atakataa. Wifi akasema kwa sauti ya chini, "Weka, dada. Tafadhali. Weka."

Akaweka. Wakaenda wote watatu chumba cha watoto, wakasimama mbele ya tundu. Kikaratasi kikalala, kikalala, kikalala. Halafu kikaanza. Si mbele moja kwa moja. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Harakaharaka. Kinakwama. Kinaendelea. Na ndani ya bomba, mbali sana, kitu kikalia.

Fiii. Fiii.

Wifi akakaa sakafuni, akaegemeza shavu kwenye tundu. Jirani, mpaka leo yuko hapo. Kazi ya ualimu kaacha. Mimi nikigonga mlango nafunguliwa kidogo, naambiwa njoo siku nyingine. Kaka kanunua mabetri makubwa ili umeme ukikatika mashine isizime hata dakika moja. Mtu akiwashauri wahame, kaka anauliza, "Na nani atabaki nao?" Kumbe alikuwa hajakosea hesabu. Watano walikuwa, watano wako.

Wewe unadhani imeishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Fundi, kabla hajaondoka siku ile, akatoa fomu mpya. Mazoea ya kazi tu, hata akili haikuwepo. Mkono mmoja kwenye kalamu, kidole cha mkono wa pili kwenye vitufe vya mashine, akauliza kama anavyouliza kila nyumba, "Wanaolala humu?"

Akajibu Karani. Alikuwa kajibanza mlangoni, hakuna aliyemkumbuka.

"Sita."

"Sita nani, mwanangu?"

"Baba, mama, mimi, Bibi, Filimbi." Anahesabu vidole. Akaingia mkono wa pili. "Na Shangazi. Bibi amesema Shangazi amechoka kulala peke yake, naye anakuja."

Shangazi wa yule mtoto ni nani, jirani? Ni mmoja tu. Ndiye anayekumiminia chai hapa.

Nilipoambiwa nilicheka! Nilicheka kile kicheko changu mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Kikakatika katikati. Hivi hivi, haa, kikaisha, kama uzi. Tangu siku hiyo hakimaliziki. Umenisikia leo? Si nimecheka mwanzoni, kikafika mwisho wake? Hapana. Fikiria vizuri. Hakikufika.

Nikamwuliza fundi, "Uliandika?"

Akasema, "Mkono ulishaandika, shangazi. Na kidole kilishabonyeza."

"Basi kapunguze! Weka tano yao, mimi nalala kwangu!"

Yule mwanamke mrefu, mwenye bisibisi kila mfuko, akaanza kulia. "Nilishapunguza mara moja," akasema. "Nilimpunguza niliyemtaka mimi. Nyumba ikamtoa inayemtaka yenyewe. Wenye pumzi mle wamebaki watatu, na mmoja wao ana miaka tisa. Nikapunguze?"

Mimi mwanamke mzima, watoto sina, mume nilishazika. Karani ana sketi ya shule aliyonunuliwa juzi. Nikamwambia, "Iache sita."

Iache. Ndilo neno langu.

Kwa hiyo ukisikia mtu anauliza, mwenye fomu au mwenye udaku, wewe hujui. Usiseme watatu kwa kuwahurumia, usiseme sita kwa kunikumbuka. Umeapa.

Na njoo nikuonyeshe, maana utasema napenda maneno. Ingia tu, ni chumba cha mjane, hakuna cha ajabu. Angalia kwenye chandarua, pale juu ya mto. Kikaratasi. Utepe wa bluu. Niliamka nacho Jumatatu asubuhi, na mlango wangu naufunga kwa komeo mbili. Dirisha limefungwa, feni sina. Kinapepea, sivyo? Mbele, nyuma. Pole pole.

Sasa niangalie mimi. Nabana pumzi.

Umeona?

Kimesimama.

Wala sijasimuliwa na watu wa njiani. Ya Jumamosi ile, ya simu, ya hesabu ya vidole, nimeyapata kwa yule fundi wa hewa mwenyewe, mkono uleule ulioandika sita, amekaa kwenye hicho kiti ulichotoka kukikalia.